Sikulia, lilikuwa jasho

Najua wengi mmeshapata toleo la jamaa yangu, lile la kwamba nimeililia kompyuta kama nimefiwa. Video nimeiona. Nami naomba nisikilizwe, maana yeye kaanza kurekodi mwishoni, na uchungu wa mtu hauanzi mwishoni.

Ile iMac yangu ya 2011, ya inchi 27, mnaijua: kompyuta ya mezani ya Apple, mashine yote imo nyuma ya skrini. Ilianza kujichora mistari ya rangi kwenye skrini, baadaye ikawa inazimika kabla haijamaliza kuwaka. Kadi ya grafiki hiyo, ile inayotengeneza picha ya skrini, kwisha habari. Uzuri wake ni kwamba kadi haijachomelewa kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya mashine. Ni ya MXM, aina ya zile za laptopu, inachomoka. Nikaagiza nyingine. (Mliosema "si ununue kompyuta mpya", nawaona, kaeni hapo hapo.)

Kioo cha mbele kinashikiliwa na sumaku tu. Unabandika vikombe vya mpira vya kunyonya, unavuta, kimetoka. Raha! Karaha ni kwamba kila skrubu unayofungua baada ya hapo inaruka kutoka kwenye bisibisi na kwenda kunasa kwenye sumaku za fremu. Kuifikia kadi ni mpaka mazabodi nzima itoke. Nikaitoa, nikapaka pesti mpya ya kupozea, nikarudisha kila kitu isipokuwa kioo. Mpaka hapo nilikuwa injinia, tena najisemesha mwenyewe Kiingereza.

Haya, vuteni viti.

Nikabonyeza. Ukalia ule mlio wake, "booong". Nikatabasamu, jamaa akatabasamu. Skrini nyeusi. Nikamwambia kitaalamu kabisa, "Tulia. Kadi isiyo na programu ya Apple ndani yake haionyeshi kitu mpaka mfumo wenyewe uwake." Na ni kweli, kaulizeni. Tukatulia. Nyeusi. Feni zikaanza kupanda, zikapanda, mpaka tukawa tunasemezana kwa kupiga kelele. Nikachungulia mazabodi. Ina vitaa 4 vya uchunguzi: umeme upo, mashine imewaka, kadi imeonekana, skrini inawasiliana. Vyote vinawaka. Skrini nyeusi tii.

Mwenye akili timamu angekiangalia kile kitaa cha nne akajiuliza swali. Mimi nikaweka kiganja juu ya mashine, nikafumba macho, nikaanza: "Ulikuwa mwaminifu. Umenivumilia mengi." Na kwa zile feni ilibidi nipaze sauti.

Hapo ndipo alipoanza kurekodi. Narudia, ni jasho. Chumba kilikuwa na joto.

Nimefika kwenye "umetangulia tu, nasi tuko njiani", jamaa akawasha tochi ya simu ili sura yangu itoke vizuri. Mwanga ukapiga skrini. Akanyamaza kidogo.

"Kaka, huyu si wewe?"

Nikafumbua macho. Ndani ya ule weusi, kwa mbaali, kuna mtu. Ni mimi. Ile picha niliyojiwekea kwenye skrini: miwani ya jua, mikono nimekunja kifuani, najitazama ninavyoendesha mazishi.

"Na hapa kuna folda imeandikwa MAFANIKIO," anasoma, huku anaigandamiza kwa kidole.

Mashine ilikuwa imewaka muda wote, jamani. Waya wa taa ya nyuma ya skrini ulikuwa unaning'inia sijauchomeka (bila taa hiyo picha ipo, ila gizani), na wa kihisi joto nao vivyo hivyo. Feni zisipopata taarifa ya joto zinakimbia mwisho wa uwezo wake, ndiyo maana zilipagawa.

Nikachomeka, ikawaka, feni zikanyamaza, nikafunga kioo, jamaa akaenda zake na video yake.

Asubuhi jua limepiga skrini ndiyo naona: kati ya kioo na skrini, pale pale penye MAFANIKIO, kuna alama ya kidole chake. Anasema nifungue tena, atakuja kuifuta mwenyewe. Na simu anakuja nayo.

Thubutu.