Je, waya wa spika huiva?

Wauzaji wa nyaya ghali za muziki humwambia mnunuzi asihukumu mapema: waya mpya upigiwe muziki saa 100, hata 200, ndipo sauti ifunguke. Kipo hata kifaa, Audiodharma Cable Cooker, kinachouzwa kwa kazi hiyo moja ya kuupitishia waya umeme mpaka uive.

Dai hili lina asili yake. Spika mpya hubadilika kweli: kingo na kitambaa vinavyoshikilia koni (sehemu inayotikisika kutoa sauti) hulegea kwa kutikiswa. Plastiki inayofunika shaba nayo huhifadhi chaji kidogo na kuiachia kwa kuchelewa, na hilo hupimika maabara. AudioQuest wanatumia hoja hiyo: baadhi ya nyaya zao zina betri za volti 72 ili plastiki ikae na chaji muda wote.

Ila koni hutikisika, shaba haitikisiki. Waya wa mita 3 wenye unene wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, una ukinzani (kiasi unavyozuia umeme) wa takriban omu 0.04, ukielekea spika ya omu 8. Chumba kikipata joto zaidi kwa nyuzi 10 za Selsiasi, ukinzani huo huongezeka kwa asilimia 4 hivi. Sikio lingekuwa kali kiasi cha kunasa vitu vidogo hivyo, tungelalamikia muziki kila adhuhuri.

Mbona basi watu wakweli husikia tofauti? Wakati mwingine ni plagi: kuichomoa na kuichomeka husugua kutu (wanaoishi pwani wanaijua hewa ya chumvi). Mara nyingi zaidi ni kumbukumbu. Undani wa sauti haukai kichwani zaidi ya sekunde chache, sembuse wiki tatu.

Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba waya ukiiva huwa mtamu tu. Sijamsikia anayelalamika kuwa wake uliharibika kwenye saa ya 150. Tena, anayesikiliza saa mbili kwa siku hufikisha saa 200 baada ya siku 100, wakati muda wa kurudisha bidhaa umeshapita.

Jaribio lenyewe ni jepesi: nyaya mbili za aina moja, mmoja utumike, mwingine ubaki kwenye boksi, kisha mtu azibadilishe mara 20 bila msikilizaji kuona. Muuzaji tayari anazo zote mbili dukani.