Mama Mkwe na Dakika Ishirini za Kemshafti

Injini ya V8 ya Chevrolet ya zamani ikishafungwa kemshafti mpya (ule mhimili wenye nundu unaofungua vali) na tapeti mpya (vile vipande vinavyonyanyuliwa na nundu hizo), dakika 20 za kwanza huizimi ovyo. Ikishika moto unaipandisha papo hapo hadi mizunguko 2000 kwa dakika, unaichezesha kati ya hapo na 2500, na huishushi mpaka muda uishe. Sababu ni hizo tapeti. Ni zile za kitako bapa, zinazosuguana na nundu za kemshafti chuma kwa chuma. Ukizitazama utasema ni bapa kweli, kumbe kitako kimebinuka kidogo mno, na nundu nayo imechongwa mshazari kidogo, ili tapeti ijizungushe kila inaponyanyuliwa. Ikizunguka, vyuma viwili vinazoeana. Isipozunguka, nundu inalika na unga wa chuma unasambaa na oili mpaka kwenye beringi. Na oili ya kulainisha nundu haitoki moja kwa moja kwenye pampu, hurushwa na krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Krenki ikizunguka polepole, hairushi cha maana.

Nimetanguliza hayo ili utakapofika pale mama mkwe wangu anapigwa usoni na kiota cha panya huku injini haizimwi, usinione sina adabu.

Gari ni Chevrolet Chevelle Malibu ya 1970, milango miwili, iliyotoka kwenye banda la shamba huku Minnesota. Jimbo hili humwaga chumvi barabarani kila msimu wa baridi kuyeyusha barafu, na chumvi ndiyo inayoyala magari. Chevelle ina mahali pake pa kuliwa panapojulikana: chini ya madigadi ya mbele, nyuma ya magurudumu ya nyuma, sakafu ya buti, na ukingo wa kioo cha nyuma. Kama paa lilivalishwa vinaili kiwandani, anza kuomba dua kabla hujaibandua. Maji huingia chini yake yakakaa, na bati unalikuta limekuwa chekeche. Hili letu lilivalishwa vinaili.

Kazi ya bati naipita haraka kwa sababu haichekeshi. Unakata hadi ufikie chuma kizima, unakata kiraka cha bati lenye unene wa geji 18 au 20, unachomelea nukta nukta zilizoachana, unaacha bati lipoe, ndipo unarudi kujaza katikati. Ukichomelea mstari mmoja mfululizo bati litajikunja, na bati lililojikunja utalipaka puti mpaka ukome.

Kulikuwa na suala la karatasi, nalo ndilo lililokuwa likitunyima usingizi. Chevelle ikiwa Malibu ya kawaida ina bei yake. Ikiwa SS, yaani Super Sport, ile ya injini kubwa, bei ni nyingine kabisa. Shida ni kwamba namba ya chesi ya mwaka huo haikwambii. Malibu ya V8 inaanza na 136, na SS nayo inaanza na 136. Nembo, boneti, geji za mviringo, hata difu la bolti 12, vyote vinauzwa, na mtu yeyote mwenye spana anaweza kuvifunga. Shahidi anayeaminika ni ile karatasi ya kiwandani iliyosafiri na gari kwenye mstari wa kuunganishia, ikiwaambia wafanyakazi wafunge nini. SS 396 huandikwa Z25, na SS 454 huandikwa Z15. Wakishamaliza nayo waliichomeka popote: juu ya tangi la mafuta, kwenye springi za siti, chini ya zulia.

Gari letu lilikuwa na difu la bolti 12 na stabilaiza ya nyuma, ila injini ya asili ilishaondolewa zamani ikawekwa ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7. Dalili tele, shahidi hakuna. Tangi likashushwa: patupu. Zulia likang'olewa: kutu tu. Siti ya nyuma ikafumuliwa, tukaona kona ya karatasi ya manjano imenaswa kwenye springi, kubwa kama kucha ya gumba, na kando yake imechanikachanika. Shemeji akasema ni uzee wa karatasi.

Sasa huyu shemeji. Ni kaka wa mke wangu, ana moyo wa kujitolea, anakuja kila Jumamosi bila kuitwa. Ila ana neno moja linalonitia hofu, nalo ni "tayari". Kazi aliyopewa ilikuwa kasha la hita. Kasha hilo limekaa upande wa abiria, nusu chumba cha injini, nusu chini ya dashibodi, na nusu hizo zimeshikana kwa nati zinazopita kwenye ukuta wa chuma uliopo katikati. Nati moja ya chini imejificha nyuma ya madigadi la ndani. Kuifikia, ama ufungue hilo madigadi, ama ulitoboe tundu upenyeze soketi. Hiyo nati ndiyo iliyofanya makasha mengi yasifunguliwe tangu yatoke kiwandani. Shemeji alirudi kabla chai haijapoa, akasema tayari. Na kweli kasha lilikuwa linang'aa, rangi nyeusi safi, hata alama ya brashi huioni. Kwa nje.

Katikati ya Mei akaja mama mkwe kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Mkwe wa kwetu huna mzaha naye. Hata kukohoa mbele yake unakohoa kwa mpangilio. Alikuwa ameshasikia habari za "kutu la mkwe" kwa simu, na siku ya kuwasha injini akasema atakuja gereji kushuhudia pesa zilikokwenda.

Matayarisho yalikwenda kwa utaratibu. Nundu zote zilipakwa ile grisi nyeusi ya molibdeni. Oili ilikuwa SAE 30 ya kuzoeshea injini, yenye zinki na fosforasi ya kutosha, kwa maana oili za siku hizi zimepunguziwa vitu hivyo ili kuyalinda makatalisti ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, ambayo gari la 1970 halina. Pampu ya oili ilizungushwa kwa drili kupitia tundu la distribyuta, kwa kutumia distribyuta kuukuu iliyonyolewa meno, mpaka oili ikachuruzika kwenye roka zote 16. Kabureta ilijazwa petroli kwa mkono na taimingi ikapangwa mapema, kwa sababu injini ikizungushwa sana na stata bila kushika, ile grisi inakwanguliwa kwenye nundu. Feni kubwa ya sakafuni ikawekwa mbele ya rejeta, kizimamoto kando ya mlango.

Shemeji akakaa kwenye usukani kazi yake ikiwa kusoma geji na kutangaza. Mimi mbele na taa ya taimingi. Mama alikuwa amesimama mlangoni na koti, juu ya koti khanga, mkononi chupa ya chai. Nje kulikuwa na nyuzi 8 za Selsiasi.

"Mwanangu, mbona mnataka kunigandisha? Na mimi nitakaa humo ndani."

Nani angemkatalia? Akakaa siti ya abiria. Mlango ulikuwa haujafungwa paneli wala kitasa cha ndani, kwa hiyo nikaufunga kwa nje.

Injini ilishika mara moja. Ekzosi ilikuwa fupi bado, na ndani ya gereji ile sauti unaisikia kwenye meno. Mizunguko 2000, presha ya oili 50, shemeji anatangaza kama mtu wa redio, Mama ameshika dashibodi kwa mikono miwili anasoma Ayatul Kursiy. Mambo mazuri kabisa.

Kisha joto likaanza kupanda. Thamostati hufunguka kwenye 180 za Farenhaiti, na geji ikapita hapo bila kusalimu. 200. 210. 220, ambayo ni kama 104 za Selsiasi. Si ajabu, ringi mpya zinabana na kusuguana, na hewa hunasa kwenye njia za maji. Kifuniko cha rejeta cha presha 15 na maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kizuia-barafu havichemki hapo, lakini mshale ulikuwa bado unapanda. Kuzima unaweza, oili ikikosekana au moto ukiwaka unazima tu, ila ukiwasha tena unaruka moja kwa moja hadi 2000 na ile grisi imeshapungua. Kabla ya kufika huko kuna dawa ambayo kila fundi anaijua: hita. Ndani yake mna rejeta ndogo. Ukiifungua yote na feni ikavuma, unapunguza joto la injini kwa kulihamishia kwa abiria.

"Fungua hita! Yote! Feni ya mwisho!"

Shemeji akasukuma vishikio vyote alivyoviona, pamoja na kile kinachopeleka hewa juu, kwenye kioo, badala ya miguuni.

Kwanza ikaja harufu. Mkojo wa panya wa miaka mingi, uliopashwa moto. Kisha feni ikagoma, ikalalamika, ikajikwamua. Matundu ya juu ya dashibodi yakatapika pamba ya siti, nyasi, manyoya, maganda ya mbegu za mwaloni, na vipande vya karatasi ya manjano, vyote vikapiga kioo na kurudi nyuma. Mama alikuwa ameachia dashibodi na kukinga kikombe mdomoni.

"Lahaula! Zima! Zima!"

"Mama, hatuwezi kuzima," shemeji akapiga kelele, pamba kwenye nyusi. "Kemshafti!"

"Kemshafti ndiye nani?"

"Mama, Kemshafti ataharibika!"

"Na mimi je? Mwambieni huyo Kemshafti anifungulie mlango!"

Nikazunguka kumfungulia. Akashuka kwa heshima zake zote, mavumbi mpaka kwenye kope, na kwenye khanga yake, pale palipoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", juu kabisa ya neno "mwenyeji", amelala panya mkavu, mkia umenyooka. Mama akamtazama. Akamshika kwa ncha ya khanga, akamweka juu ya boneti iliyokuwa imeegeshwa ukutani, akakung'uta.

Ndani ya gari shemeji akatangaza kwa furaha: "Mia mbili na tano! Linashuka!"

Na kweli lilishuka. Kifundi, zoezi lilifaulu.

Mke wangu akatoka mbio. Akamtazama mama yake, akamtazama kaka yake, kisha mimi.

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi na moja."

"Malizeni. Halafu tutaongea."

Mazungumzo hayo siyaweki hapa. Naweka usafi, kwa kuwa ni jambo la maana. Panya wa porini wa Marekani, hasa wale wenye tumbo jeupe, huweza kubeba virusi vya hanta, na mtu huvipata kwa kuvuta vumbi la kinyesi au mkojo wao. Kwa hiyo hufagii, wala huvuti kwa mashine ya kufyonzea. Unafungua milango yote nusu saa hewa ipite, unavaa glavu na barakoa inayobana, unalowesha kila kitu kwa jiki sehemu moja na maji sehemu 9, unasubiri dakika 5, unafuta kwa karatasi za jikoni na kuzifunga kwenye mfuko. Mama alikwenda kuoga, nguo zake zikaingia maji ya moto, na kwa wiki kadhaa baadaye tukawa tunamuulizia homa kila asubuhi bila kumwambia kwa nini. Hakuumwa hata mafua.

Aliporudi kutoka kuoga alikuja na kiti. Akakiweka mbele ya gari, akakaa, akamwambia mwanawe kwamba haondoki mpaka aione hiyo nati. Shemeji akafungua madigadi la ndani, bolti moja moja, na nati ikatoka. Ndani ya kasha kulikuwa na makazi kamili: chumba cha kulala cha pamba, ghala la mbegu, na choo karibu sana na ghala. Panya hupenya kwenye tundu la milimita 6, na njia yao ilikuwa zile grili zilizo chini ya kioo cha mbele, ambako hita huvutia hewa. Sasa pana wavu wa chuma wa robo inchi hapo, na bomba la ekzosi linazibwa kwa steli wuli gari likilala.

Karatasi za manjano nilizitandaza juu ya meza, zimelowa jiki, na kuzipanga kwa kibanio. Herufi za mashine zilionekana hapa na pale. Kipande kimoja kilikuwa na Z, iko wazi kabisa, haina ubishi. Baada ya Z, meno ya panya.

Oili ilimwagwa siku ileile. Filta nikaikata, nikakunjua karatasi yake na kuipitishia sumaku: kijivu cha grisi ya molibdeni tu, chuma hakuna. Nundu zote 16 ni nzima mpaka leo.

Mama alisharudi Tanga na habari imesharudi naye. Kwa mujibu wa majirani wa Chumbageni, aliyemrukia hakuwa panya bali buku, na alikuwa hai, na alikuwa anafugwa mle kwenye gari kwa siri na jina lake ni Kemshafti. Wakipiga simu wakishamaliza kusalimia watoto lazima waulize hajambo Kemshafti. Shemeji huwajibu kuwa hajambo, anakula vizuri, ila siku hizi hataki wageni.