Mwonevu akirudishwa nyumbani, simu inamsubiri

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akikamatwa amempiga mono, yaani mwanafunzi mgeni wa mwaka wa kwanza, usiku bwenini, au amemfanya mtumwa wa kumfulia nguo, shule nyingi za bweni Kenya humpa barua ya kurudi nyumbani wiki mbili. Wanaoitetea adhabu hii wana hoja nzito. Aliyeumizwa analala usiku huo bila kushtuka kila mlango unapolia, na bweni zima linaona kwamba uongozi haukufumba macho. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, kwa hiyo naibu mwalimu mkuu hana njia nyingi za kuonyesha ukali.

Shida inaanzia nje ya geti. Shuleni simu hairuhusiwi; nyumbani ipo, na mzazi yuko kazini mchana kutwa. Mwonevu anafungua kundi la WhatsApp la wanafunzi, anamwita yule mono msaliti, na likizo ikifika mono anayakuta yote yakimngoja. Adhabu imeondoa mikono bwenini, ulimi umebaki huru.

Ndiyo maana wengine wanapendelea wawili hao waitwe ofisini, waombane msamaha, washikane mikono. Kwa ugomvi wa marafiki wawili wanaolingana, njia hiyo inafaa sana. Kwa uonevu ni hatari, na hapa ndipo walimu wengi wema wanapokosea. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi yake Norway, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwa, na nguvu zisizolingana. Mono aliyekaa ana kwa ana na mtesi wake atasema yameisha, kwa sababu usiku watalala bweni moja. Mtandaoni, hilo la kurudiwa linahitaji kutazamwa upya: picha moja ikitumwa mara moja kwenye kundi la watu mia, wengine ndio wanaoirudia.

Mpango wa KiVa, ulioanzia Chuo Kikuu cha Turku nchini Finland, hauwakutanishi mapema. Aliyeonewa husikilizwa peke yake, waonevu mmoja mmoja, kisha mwalimu huomba wanafunzi wachache wanaoheshimika darasani wawe karibu na aliyeonewa. Mimi naegemea huku, kwa sharti moja: kama kuna jeraha, wizi au vitisho, mtenganisho uje kwanza. Mhamishe mwonevu bweni, usimhamishe aliyeonewa, maana kumhamisha kunasomeka kama adhabu kwake.

Kwa upande wa simu, haraka ya kumbloku mtesi hupoteza ushahidi. Fungua kwanza wasifu wake ili namba ionekane, kwani jina ulilohifadhi wewe halithibitishi kitu. Piga picha ya skrini yenye namba, tarehe, saa na ujumbe uliotangulia, kisha uzihifadhi kwenye simu ya mzazi. Usijibu. Status hutoweka baada ya saa 24, kwa hiyo usingoje Jumatatu. Ukishamaliza, ripoti, ndipo umbloku. Picha ya utupu ya mtoto ni jambo jingine kabisa: usiinakili wala kumtumia mwalimu, hata kama ushahidi, maana huko ni kuisambaza. Andika namba, saa na jina la kundi, mwende polisi.

Sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 27, inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10 kwa kumsumbua mtu mtandaoni. Wazazi hupenda kuitaja kikaoni. Kwa mtoto wa miaka 15 aliyeandika matusi, naona kumfikisha huko ni mapema mno. Kwa anayetisha au kudai pesa ili asitoe picha, kuchelewa ndilo kosa. Mtoto anayeogopa kusema nyumbani anaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto Kenya, bila malipo.

Wiki mbili baadaye, mwalimu amuulize mono swali moja, faraghani: jana usiku nani alikaa nawe mezani wakati wa chakula?