Feni Kubwa Inayozunguka Polepole

Kazi yangu ni kuhariri sauti, na chumba ninachofanyia kazi hapa Dar es Salaam hakina kiyoyozi. Kwa miezi mingi niliulaumu mkrofoni kwa mvumo uliosikika nyuma ya kila nilichorekodi, hadi usiku mmoja nilipozima kompyuta ya mezani huku kinasa sauti cha mkononi kikiendelea kurekodi. Nilipousikiliza mkanda ule, ule mvumo ulikatika palepale kompyuta ilipozimika.

Kesho yake nikauziwa feni mbili za kupoza kompyuta, za milimita 80, zikiwa na boksi lililoandikwa kwamba hazina kelele, na chini yake desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache za kuvutia. Zilipiga kelele kuliko zile nilizozitoa. Tangu hapo nashikilia kwamba anayechagua feni kwa kusoma desibeli za kwenye boksi anabahatisha, kwa sababu namba hiyo haimwambii feni ilipimwa kutoka umbali gani, wala kama ilikuwa na kitu chochote mbele yake. Ndani ya kasha la kompyuta, feni huvuta hewa kupitia chujio na wavu wa bati uliokaribiana na mapanga yake, na sehemu kubwa ya kelele huzaliwa hapo hewa inapokatwakatwa.

Cha kutazama kwanza ni ukubwa na mwendo. Kwa hesabu ya kawaida ya mafeni, ile ya milimita 120 inayozunguka mara 800 kwa dakika hupitisha hewa ambayo ile ya milimita 80 ingeifikia kwa mizunguko kama 2,700. Mwendo wa feni ukiongezeka maradufu, kelele yake hupanda kwa takriban desibeli 15, ilhali kuongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza hupandisha desibeli 3 tu. Ndiyo maana napendelea feni tatu kubwa zinazokwenda taratibu kuliko moja inayokimbizwa, na ndiyo maana dukani nauliza mwendo wa chini kabisa wa feni kabla ya kuuliza mwendo wake wa juu.

Sina ugomvi na feni za bei kali. Kampuni ya Noctua ya Austria ilipotoa feni ya NF-A12x25 mwaka 2018, ilibakiza nafasi ya nusu milimita tu kati ya ncha za mapanga na fremu, na kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, kwa mizunguko 700 au 800, feni ya Arctic P12 ya bei nafuu inawatosha wengi wetu, na fedha inayobaki ni bora inunue kipoza joto kikubwa zaidi cha prosesa (yaani kipande cha chuma kinachonyonya joto la chipu kuu ya kompyuta), kwa kuwa kipoza joto kikubwa ndicho kinachoiruhusu feni iende polepole.

Halafu kuna hofu ya joto, ambayo naiona kuwa chanzo cha kelele nyingi za bure. Feni haiwezi kupoza kifaa hadi chini ya joto la hewa inayoivuta, na mwezi Februari hewa ya chumba changu hufika nyuzi 32. Mtu akiona prosesa ina nyuzi 70 huingia kwenye bayosi, yaani programu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kuzikimbiza feni zote, ilhali prosesa nyingi za mezani za Intel huanza kujipunguza mwendo zinapokaribia nyuzi 100. Nunua feni ya waya nne, ambayo mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inaweza kuiongoza mwendo vizuri, uiache itulie hadi prosesa ifike nyuzi 60 na kitu, kisha ipande kidogo kidogo. Kama bayosi yako ina nafasi ya kuchelewesha mabadiliko kwa sekunde chache, itumie, kwani feni inayopanda na kushuka kila unapofungua faili huchosha sikio kuliko mvumo wa sauti moja.

Kila feni pia ina mwendo wake inapoimba. Yangu moja iliimba ikifika mizunguko kama 950, na nilipoishika fremu kwa vidole viwili sauti ikafifia. Nikatoa skrubu, nikaifunga kwa vishikizo vya raba, na mlio ukaisha. Kuhusu beringi, yaani sehemu inayoshikilia mhimili wa feni unapozunguka, zile za bushi na mafuta hukauka upesi kwenye joto letu, kwa hiyo naongeza shilingi nipate ya mfumo wa mafuta yaliyofungiwa. Vumbi nalipuliza kila mwezi, nikiyashikilia mapanga kwa kidole yasizungushwe na upepo wa blowa.

Sasa kasha langu lina feni tatu za milimita 140 zinazokwenda mizunguko 650, na prosesa haijavuka nyuzi 78 hata ninaposafisha rekodi ya saa nzima. Sauti pekee ninayoisikia ni mkwaruzo wa diski ya zamani ya kuzunguka, uliokuwa umefunikwa na feni siku zote, na diski hiyo ndiyo ninayoitoa mwisho wa mwezi huu.