Eti dawa inasafisha tumbo

Shangazi yangu aling'olewa jino, akaandikiwa antibayotiki, clindamycin. Hata dozi haijaisha akaanza kuhara maji matupu. Akarudi duka la dawa. Muuzaji, macho kwenye simu: "Usijali mama, dawa inasafisha tumbo." Akamuuzia na vidonge vya kufunga kuharisha.

Inasafisha! Kweli inasafisha, ila wanaofagiliwa ni bakteria wazuri wanaoulinda utumbo mpana. Wakishaondoka, anatamba bakteria mbaya, Clostridioides difficile, anayevumilia dawa akiwa ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujikinga, kisha anamwaga sumu zinazochubua utumbo hadi unavimba. Clindamycin ina sifa hiyo tangu miaka ya 1970, na mhusika mwenyewe alijulikana 1978. Leo hii bado tunaambiwa tumbo linasafishwa, kama karo la jikoni! Na hivyo vidonge vya kufunga? Kwa ugonjwa huu vinaweza kuzifungia sumu humohumo ndani.

Haya, nakubali kwa shingo upande: wengi wanaoharishwa na antibayotiki hawana bakteria huyu, na hali hutulia dozi ikiisha. Wala sijasema mtu akatishe dozi kwa sababu yangu. Nimonia haitibiwi kwa tangawizi.

Ninachodai ni swali moja tu: "Umetumia antibayotiki gani hii miezi miwili mitatu?" Maana kuhara kunaweza kuanza hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha, na hapo nani anakumbuka jino? Shangazi hakuulizwa mpaka alipofikishwa hospitali ana homa, tumbo limejaa, midomo imekauka. Alipoulizwa, akatoa mkobani kibahasha cha dawa. Kimeandikwa 1×4 kwa kalamu, basi. Jina la dawa hakuna! Ilibidi itafutwe kadi ya daktari wa meno. Hivi kuandika jina la dawa kunamaliza wino? Mama mtu mzima anameza kitu asichokijua, halafu tunamlaumu kwamba hajui historia yake.

Choo kikapimwa, clindamycin ikasimamishwa, akapewa antibayotiki nyingine ya kumuua bakteria huyo, vancomycin ya kunywa. Ya kunywa, jamani. Ya mshipani haifiki utumboni kutibu huu ugonjwa.

Na ninyi ndugu mnaojipaka sanitaiza mkitoka wodini kisha mnashika chapati: pombe haiui spora. Sabuni na maji yanayotiririka.