Kadi za Harusi Mizanini

Ami yangu ameuza samaki Lamu tangu ujana wake, na hakiamini kitu ambacho hakijapanda mizani. Siku aliyokwenda kuchukua kadi za harusi ya bintiye, aliona kwenye risiti kwamba zimechapwa kwa karatasi ya gramu 300, akachomoa kadi moja, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja kwa sonara wa Usita wa Mui, ambaye mizani yake haishindwi hata na kipini cha pua. Ilisoma gramu 4.7.

“Nimelipia mia tatu, nimepewa nne!” alisema, kwa sauti iliyowasimamisha hata punda waliobeba mchanga.

Tulirudi dukani tukifuatwa na mashahidi tusiowaita. Kijana wa chapa alieleza, kwa adabu ambayo mimi nisingekuwa nayo, kwamba gramu hizo ni uzito wa karatasi yenye eneo la mita moja ya mraba, wala si uzito wa kadi. Kwamba karatasi ya A0 ina eneo hilo, na ukiikata nusu kwa nusu mara sita unapata A6, ambayo ndiyo kadi yetu, sehemu moja ya 64. Kwa hesabu hiyo hiyo, karatasi ya fotokopi ya gramu 80, ikiwa A4, haizidi gramu 5. (Nilishukuru kwamba hatuko Marekani, ambako hupimwa karatasi 500 nzima kwa pauni, na ukubwa wa karatasi hizo hubadilika kwa kila aina, hata pauni 80 za jalada zikawa nzito karibu mara mbili ya pauni 80 za kurasa za ndani. Ami angelala dukani.)

“Basi zihesabiwe 64,” aliamuru Ami.

Msafara ukahamia kwenye meza yake sokoni. Aliipangusa mizani kwa kitambaa kile kile cha siku zote, akazipanga kadi, nayo ikasoma gramu 298. Gramu 2 alizisamehe, akisema kwamba hata papa akianikwa hupungua.

Kadi hizo 64 ndizo ambazo mkaza ami, bila kujua zilikopitia, alizipeleka kwa upande wa bwana harusi. Kabla ya magharibi, mama yake bwana harusi alituma mtoto kuuliza, kwa heshima zote, iwapo biriani ya mbuzi tuliyokubaliana imebadilishwa.