Saa Yangu Ina Mdomo

Sina ugomvi na saa inayonionyesha saa. Ugomvi wangu ni na hii saa janja ambayo mwajiri alitugawia kwa jina la kujali afya zetu: taa zake za kijani hunimulika mkononi usiku kucha zikihesabu mapigo ya moyo na usingizi, na kabla sijapiga mswaki taarifa zangu zimekwisha kuvuka bahari na kutua kwenye kompyuta za watu nisiowajua.

Daktari wangu hanigusi kabla mlango haujafungwa, na muuguzi wake hulifunika faili langu kwa kiganja hata kama ndani hamna zaidi ya minyoo. Lakini afisa utumishi, ambaye hakuapa kiapo chochote cha udaktari, kila Jumatatu hubandika kwenye kundi la WhatsApp jedwali la washindani wa afya, na hapo idara nzima hujua kwamba Jumamosi nililala saa tisa usiku na kwamba moyo ulinienda mbio siku mshahara ulipochelewa. Dada wa mapokezi amekwisha kunipa pole ya presha nisiyokuwa nayo. Mhasibu naye aliniuliza, mbele ya foleni ya chai, zile hatua za saa nane usiku nilikuwa natembea kwenda wapi. Nilikuwa nafukuza panya, jamani, lakini nani ataamini?

Ukilalamika unaambiwa majina yataondolewa. Sawa, jina litaondolewa, ila njia itabaki, na mtu anayelala Mbagala na kushuka Posta kila asubuhi hutambulika hata akiitwa namba. Mwaka 2018 kambi za wanajeshi wa Marekani nchini Syria na Afghanistan zilionekana kwenye ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ramani isiyokuwa na jina la mtu hata mmoja, kwa sababu tu askari walikimbia wakizunguka uzio. Jeshi lenye nyambizi limeumbuliwa na mbio za asubuhi; mimi na panya wangu tutajificha wapi?

Sheria tunayo. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inadai ridhaa ya maandishi. Nilipoitaja, afisa utumishi alinijibu kwamba ridhaa nilikwisha kuitoa nilipobonyeza kitufe cha kukubali, kitufe ambacho kimekaa chini ya kurasa za Kiingereza cha mawakili, na usipokibonyeza saa haifanyi kazi. Nikamwandikia barua nikitaka orodha ya wote wanaoyaona mapigo yangu, kampuni ya bima ikiwemo. Jibu halijaja, ila jedwali la wiki hii limeongezewa safu mpya iitwayo "Kiwango cha Msongo", na ninayeongoza ni mimi.